Mukombero hauna mizani

Mkulima akifikisha mahindi katika ghala la bodi ya nafaka, NCPB, la Moi's Bridge, kitu cha kwanza ni kipimo cha unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 13.5, mahindi hurudi kuanikwa. Anaweza kunung'unika, lakini anajua analipwa kwa kitu gani.

Mukombero, mzizi wa kutafuna, haupitii kipimo chochote. Katika steji za magharibi mwa Kenya, za Kitale na Bungoma zikiwemo, mchuuzi hufunga mizizi vifungu vidogo na kupenyeza mkono dirishani mwa matatu. Abiria hutafuna, harufu kama ya vanila hutanda, na sifa inayouza ni moja tu: nguvu za kiume.

Maabara zimeona sifa nyingine. Afrika Kusini, waganga wa Kizulu huutumia mmea huu, Mondia whitei, kutibu sonona. Mnamo 2008 watafiti wakiwemo wa Denmark waliona dalili nzuri kwa panya. Mwaka 2010 wakatangaza kampaundi ndani yake, loliolidi, inayonata kwenye protini inayozoa serotonini ubongoni. Vidonge vya sonona vya fluoxetine hulenga protini hiyohiyo. Hata hivyo, kutoka panya hadi mgonjwa ni safari ndefu, na anayemeza vidonge hivyo asichanganye na mzizi kabla ya kumwona daktari.

China nayo ina chaihu, mzizi ulio katika xiaoyao san, mchanganyiko wa kale wa kutuliza moyo uliozongwa. Lakini chaihu hulimwa shambani, na ubora wake umeandikwa katika kitabu rasmi cha dawa cha taifa. Kiwanda hununua kilichopimwa.

Kwetu hatua zimeanza. Waganda, wanaouita mulondo, wameutia kwenye chupa za divai. Kando ya msitu wa Kakamega, kituo cha utafiti cha icipe kimeshirikiana na wakulima kuupanda na kuusaga uwe unga wa kinywaji. Kuupanda ni lazima: anayechimba mzizi mara nyingi huua mmea, na kila msimu huingia msituni mbali zaidi.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asilia. Kinachokosekana ni kile ambacho mkulima wa Moi's Bridge amekizoea ghalani: kiwango cha kukubali gunia au kulirudisha. Kisipokuwepo, bei ya mukombero itaendelea kupangwa na ulimi wa mchuuzi.