Risiti mbili, bei mbili zisizojulikana

Chukua risiti mbili za mgahawa mmoja, zote zimeandikwa idadi na jumla tu. Ya kwanza ni chai 2 na chapati 3, shilingi 2,100. Ya pili ni chai 5 na chapati 2, shilingi 2,500. Chai moja ni shilingi ngapi?

Risiti ya kwanza peke yake haisemi. Chai ikiwa 150 na chapati 600, jumla inatimia. Chai ikiwa 450 na chapati 400, inatimia vilevile. Kazi ya risiti ya pili ni kuzikataa bei hizo zote na kubakiza jozi moja. Tuiite bei ya chai x na ya chapati y:

2x + 3y = 2,100
5x + 2y = 2,500

Njia ya kwanza ni ya kubadilisha. Mlinganyo wa juu unatuambia kwamba x = 1,050 − 1.5y. Basi popote penye x katika mlinganyo wa chini tunaweka maelezo hayo: 5(1,050 − 1.5y) + 2y = 2,500. Ukifungua mabano utapata 5,250 − 5.5y = 2,500, kwa hiyo y ni 500 na x ni 300.

Njia ya pili ni ya kuondoa. Zidisha mlinganyo wa juu kwa 2 na wa chini kwa 3, ili y ilingane pande zote:

4x + 6y = 4,200
15x + 6y = 7,500

Toa wa juu kutoka wa chini. Zile 6y zinafutana, inabaki 11x = 3,300, na x ni 300. Hakuna desimali hata moja iliyojitokeza njiani.

Wanafunzi wengi hukariri njia hizi kama mada mbili, kila moja na hatua zake, wakati kazi yake ni ile ile: kupata mlinganyo mmoja wenye herufi moja. Tofauti ni usumbufu wa hesabu. Herufi ikisimama peke yake bila namba mbele yake, kama katika y = 3x + 4, badilisha mara moja. Kila herufi ikiwa na namba yake, ondoa. Na katika kutoa, alama ya kutoa inagusa kila kitu kwenye mstari, hata jumla iliyo upande wa kulia. Makosa mengi ya mtihani yako hapo hapo.

Wakati mwingine herufi zote mbili hufutika kwa pamoja. Tuseme risiti ya pili ingekuwa chai 4 na chapati 6, shilingi 4,200. Hiyo ni risiti ya kwanza mara mbili, haijaongeza habari yoyote; ukitoa unabaki na 0 = 0, na bei zinazokubalika hazina idadi. Ingekuwa 4,300 ungepata 0 = 100, yaani hakuna bei inayoridhisha risiti zote mbili. Hapo hesabu yako ni sahihi. Wa kuulizwa ni aliyeandika risiti.

Kuondoa ni mbinu ya kale. Kitabu cha Kichina kiitwacho Jiuzhang Suanshu, ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, kina sura nzima ya hesabu hizi, zikifanywa kwa vijiti juu ya ubao. Ulaya, Carl Friedrich Gauss aliitumia mwaka 1810 katika hesabu za njia ya Pallas, gimba dogo linalozunguka jua, akiwa na vitu sita visivyojulikana, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mbinu. Kompyuta nazo huondoa kwa mtindo huo huo, kwa maelfu ya herufi.

Swali la kwanza la sura ile ya Kichina linahusu miganda ya nafaka ya madaraja matatu. Miganda 3 ya daraja la juu, 2 ya kati na 1 ya chini hutoa vipimo 39. Miganda 2, 3 na 1 hutoa 34. Miganda 1, 2 na 3 hutoa 26. Kwa x, y na z:

3x + 2y + z = 39
2x + 3y + z = 34
x + 2y + 3z = 26

Kabla ya kuzidisha chochote, tazama. Mistari miwili ya juu ina z moja moja. Toa wa pili kutoka wa kwanza: x − y = 5. Kisha zidisha wa pili kwa 3, toa wa tatu: 5x + 7y = 76. Sasa x imekaa vizuri, ni y + 5, kwa hiyo hapa kubadilisha ndiko kwepesi: 12y + 25 = 76. Hivyo y ni 4.25, x ni 9.25, na mstari wa kwanza unatoa z kuwa 2.75. Mwenye kushikilia njia moja tangu mwanzo hadi mwisho angefika pia, ila kwa jasho zaidi.

Usikabidhi jibu kabla ya kulirudisha kwenye milinganyo ya mwanzo, hasa ule ambao hukuutumia katika hatua ya mwisho. Hapa ni wa tatu: 9.25 + 8.5 + 8.25 ni 26.