Mvua inanyesha Rungwe, mto unafurika Kyela: Wataalamu wanajuaje mapema?

Kama unaishi Matwebe au kwingine wilayani Rungwe, hili umeshaliona. Mvua ya Novemba inapiga usiku kucha, asubuhi mto uko vilevile. Mvua kama hiyo ikinyesha Aprili, mto unajaa, na kule chini Kyela mashamba ya mpunga yanazama, wakati mwingine jua linawaka.

Mvua ni ileile. Mbona mto si uleule?

Jibu liko kwenye udongo. Novemba, baada ya kiangazi, udongo mkavu unakunywa maji mengi. Kufikia Aprili umeshiba. Mvua inayoongezeka haina pa kuingia, inateremka moja kwa moja mtoni.

Ndiyo maana utabiri wa mvua peke yake hautoshi.

Modeli mbili, kazi moja

Modeli ya kwanza ni ya hali ya hewa. Kompyuta inapiga hesabu za upepo, joto na unyevu, kisha inakadiria: mvua milimita ngapi, wapi na lini. Hapa nchini utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Modeli ya pili ni ya maji. Inachukua milimita hizo na kuuliza: mteremko ukoje? Udongo umeshiba kiasi gani? Juu yake kuna msitu, migomba au ardhi tupu? Maji yatakayobaki ndiyo yanaenda mtoni.

Hesabu yake si ndogo. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 1. Zikinyesha milimita 50 kwenye kilomita za mraba 100, hizo ni lita bilioni 5. Nusu tu ikiingia mtoni, watu wa Kyela wanapaswa kujua kabla haijawafikia.

Kompyuta haioni kila kitu

Mfumo wa Ulaya uitwao GloFAS unaunganisha modeli hizi mbili kwa dunia nzima. Lakini unaigawa ardhi kwa vipande vya takriban kilomita 5 kila upande. Kwenye milima kama Rungwe, ndani ya kilomita 5 kuna kilele, bonde na vijito kadhaa. Vyote vinahesabiwa kama kitu kimoja.

Hapo ndipo vipimo vya mtoni vinapohitajika. Tanzania ina mabonde 9 ya maji, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake hapahapa Tukuyu. Kina cha mto kinachosomwa kila siku kinalinganishwa na hesabu ya kompyuta. Zikitofautiana, modeli inarekebishwa.

Kwa hiyo ukiona ubao wenye namba umesimikwa mtoni, au kifaa cha kupimia mvua, usiking'oe. Bila hivyo, kompyuta inabahatisha tu.

Na si kwa ajili ya mafuriko pekee. Kiangazi, hesabu hizohizo zinaonyesha maji kiasi gani yatabaki mtoni, na kama yanatosha kugawana mashamba, mabomba ya kijiji na wenzetu wa bondeni.