Je, Wajua? Saa Moja ya Umeme kwa Mshipa Uliokatika

Umemwona ng'ombe aliyezaa kwa shida, ndama mzima, mama hawezi kusimama? Si lazima awe amevunjika mfupa. Huenda ndama mkubwa ameibana mishipa ya fahamu ya nyonga.

Je, wajua mshipa wa fahamu uliokatika huota tena? Naam, huota! Ila kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku. Mita moja ya mguu wa maksai, piga hesabu: siku 1,000!

Na twiga je? Mshipa unaoendesha sauti yake hutoka kichwani, hushuka shingo nzima hadi kifuani, kisha hupanda tena mpaka kooni. Zaidi ya mita 4, kufika jirani na ulikoanzia!

Sasa shika hapo. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, akiwemo Tessa Gordon, walikata mshipa wa paja la panya, wakaushona, wakaupitishia umeme. Bila umeme, nyuzi zote za kuendesha misuli zilihitaji wiki 8 hadi 10 kuota milimita 25. Kwa umeme? Wiki 3!

Umeme wa muda gani, unadhani? Saa 1 tu! Waliowekewa wiki 2 mfululizo hawakuwazidi wenzao.

Ajabu zaidi: umeme hauongezi mwendo wa kuota. Nyuzi nyingi husitasita kwenye mshono kwa wiki kadhaa. Umeme huzifanya zivuke mapema.

Na ujumbe wa umeme huo lazima upande hadi uti wa mgongo. Watafiti walipouzuia njiani, faida yote ikapotea. Waliuzuia kwa kitu gani? Kwa sumu ileile ya bunju, samaki wa pwani!

Umeme huo ulipiga mara 20 kwa sekunde, kwa volti chache. Wa TANESCO hupiga mara 50, volti 230, na unaua. Tafadhali, usimjaribie mnyama wako!



Hili la zizini nalo lishike. Sindano ikichomwa vibaya kwenye tako la ndama inaweza kuupata mshipa mkubwa wa mguu, mguu ukaburuta. Shingoni ni salama zaidi.

Na binadamu? Mwaka 2010 Gordon na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kiganjani kulegeza mshipa uliobanwa. Saa 1 ileile, mara 20 zilezile kwa sekunde, na mishipa ikaifikia misuli ya kidole gumba mapema kuliko kwa wasiopewa umeme!