Kuku aliyeota manyoya mapya angali ahitaji kutunzwa

KUKU wa nyumbani anapoanza kupukutika manyoya, mwenyewe hushtuka. Wapo wanaodhani ameshikwa na kideri na kukimbilia kisu. Wapo pia wanaosubiri manyoya yaote upya, kisha wakaamini kuwa shida imekwisha.

Ukweli ni kwamba kupukutika si ugonjwa, bali ni njia ya maumbile ya kubadilisha manyoya yaliyochakaa. Hatari kubwa huja baadaye, kuku anapopendeza machoni ilhali mwili wake haujarejesha akiba uliyoitumia.

Kwa kawaida koo hupukutika mara ya kwanza akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Manyoya huanza kuanguka kichwani na shingoni, yakafuata ya kifuani na mgongoni, na hatimaye ya mabawani na mkiani. Huenda shughuli hiyo ikachukua wiki 8 hadi 16, na katika muda huo kuku hupunguza kutaga au huacha kabisa.

Katika nchi za kaskazini kama vile Uingereza, kuku hupukutika mchana unapoanza kuwa mfupi kuelekea majira ya baridi. Hapa Kenya, ambako urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, hakuna msimu maalumu. Umri, kuatamia kwa muda mrefu, kukosa maji au kuhamishwa makao huweza kusababisha hali hiyo. Kwa hivyo mfugaji asitegemee kalenda, bali amkague kuku mwenyewe.

Kuku anayepukutika huendelea kula, kunywa na kutembea. Anayezubaa, kuhara kinyesi cha kijani, kukoroma au kupinda shingo ni mgonjwa, na anafaa kutengwa mara moja na daktari wa mifugo kuarifiwa.

Pima kwa mkono

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Zaidi ya asilimia 80 ya unyoya ni protini, na protini hiyo hutoka katika chakula na misuli ya kuku.

Manyoya mapya huficha ukondefu. Mshike kuku jioni akiwa ametulia, kisha upapase mfupa wa kidari. Ukiwa umechongoka kama kisu, bila nyama pande zote mbili, kuku huyo amedhoofu hata kama anang'aa.

Mahindi matupu hayawezi kumrejeshea nguvu. Mpe chakula cha kuku wa mayai, na uongeze omena kidogo zisizo na chumvi, kumbikumbi au soya iliyopikwa. Omena zikizidi, mayai huwa na harufu ya samaki.

Aidha, mkague chini ya mabawa na karibu na tundu la kutagia uone kama ana chawa. Kwa upande mwingine, utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za banda na kutoka usiku kufyonza damu. Tumia tochi kuchunguza vijiti wanavyolalia. Kilemba kikipauka na kuku akawa mnyonge, huenda wadudu hao au minyoo wanammaliza. Ukimpa dawa, fuata maagizo kuhusu siku ambazo mayai yake hayafai kuliwa.

Yai linapokwama

Kilemba kinapoanza kuiva wekundu, kuku anakaribia kutaga tena. Hapo ndipo mwili wake hutiwa katika mtihani mwingine, kwa kuwa ganda la yai moja huhitaji takriban gramu 2 za kalisi. Asipoipata katika chakula, huitoa katika mifupa yake.

Matokeo yake ni mayai yenye ganda laini, miguu kukosa nguvu, au yai kukwama, kwani misuli inayolisukuma yai pia huhitaji kalisi. Muwekee chombo cha chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyokaushwa kwa moto na kusagwa, ale kadiri anavyohitaji.

Kuku aliyekwamwa na yai huingia na kutoka katika kiota bila kutaga, husimama wima huku mkia umeinama, na hujikamua kwa taabu. Mkalishe katika beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20, umkaushe vizuri, kisha umweke mahali penye joto, giza na utulivu.

Usimbinye tumbo kwa nguvu. Yai likivunjika ndani huweza kusababisha maambukizi na kifo. Asipotaga baada ya saa chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana kuku wa aina hiyo anaweza kufa katika siku moja au mbili.

Vilevile, chanjo ya kideri isisahauliwe. Kwa kuku wa kienyeji hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na hupewa kuku wenye afya. Aliyedhoofu apate nguvu kwanza.

Mwisho, usimharakishe kuku kutaga kwa kumwashia taa usiku. Mwache apumzike. Koo aliyetunzwa vyema wakati huu kwa kawaida hutaga mayai machache kuliko mwaka wake wa kwanza, lakini makubwa zaidi, na anaweza kuendelea hivyo kwa miaka kadhaa.