Mkojo Mweusi na Kipimo cha G6PD Kinachohitaji Kurudiwa

Mtoto wa kiume anapofikishwa katika zahanati ya kijiji wilayani Bariadi akiwa na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, mhudumu hupima malaria kwanza. Hufanya vyema, kwani malaria kali huweza kuleta hali hiyo. Swali la pili husahaulika: mtoto alimeza dawa gani siku chache zilizopita?

Ndani ya chembe nyekundu za damu kimo kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfeti dihaidrojenesi, kwa kifupi G6PD. Kazi yake ni kuinyang'anya glukosi-6-fosfeti hidrojeni na kuikabidhi NADP, ambayo hugeuka kuwa NADPH. Hiyo NADPH ndiyo ngao ya chembe dhidi ya sumu za oksijeni, na chembe nyekundu haina njia nyingine ya kuipata. Kimeng'enya kikipungua, dawa kama primakwini, dapsoni au naitrofurantoini huweza kuzipasua chembe kwa wingi. Kasoro hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X, ndiyo maana huwaandama zaidi wavulana, nao huipata kwa mama. Mwaka 1961 Allison na Clyde walichapisha utafiti juu ya watoto wa Tanganyika: wenye upungufu huu walionekana kuwa na vimelea vichache vya malaria. Si ajabu basi kwamba kasoro hii imeenea katika nchi zenye malaria.

Hapa ndipo kipimo kinapodanganya. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120 wala haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Katika aina ya upungufu iliyozoeleka Afrika, G6PD huisha upesi kadiri chembe inavyozeeka. Dawa huziua chembe kongwe, zikabaki changa zenye kimeng'enya cha kutosha. Damu ikipimwa siku hiyo, jibu huweza kusomeka "kawaida", na mgonjwa akarudishiwa dawa ileile. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi. Damu ya kuongezewa nayo hupotosha jibu, kwa kuwa kinachopimwa ni kimeng'enya cha mchangiaji.

Wazazi wasihangaike na maharage ya sokoni. Yanayodhuru ni ya jamii nyingine, fava, yanayoliwa sana pwani za Mediterania. Waogope zaidi vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kwenye nguo za kichanga. Manjano yake huweza kuudhuru ubongo, na kichanga mwenye manjano apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye kadi ya mtoto liandikwe jina la dawa aliyomeza, tarehe ya mkojo mweusi, na kama aliongezewa damu.