Kitabu cha Injini ya Mtumbwi, na Jinsi ya Kukichagua

Sisi tukaao huku juu Mwimbi twajua habari za jembe na mahindi na ulezi kuliko habari za vyombo vya majini. Lakini nyumba nyingi hapa zina ndugu aliyeteremka Kasanga kuvua migebuka na dagaa, au kufanya biashara kando ya ziwa, na mara kwa mara mmoja wao hupanda mlima na kuniletea kitabu cha Kiingereza ili nimsomee. Mwaka huu nimeletewa viwili, na vyote viwili vilikuwa vya kutengenezea injini ya kupachika nyuma ya mtumbwi. Kimoja kilikuwa chema. Cha pili kiliharibu injini, na kidogo kingepoteza watu wanne.

Habari yenyewe ni hii. Mzee mmoja mvuvi alikuwa na injini ya nguvu za farasi 40, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Haikuwa na kitabu. Mzee aliiendesha kwa mazoea, akichanganya mafuta na petroli kama alivyofundishwa na wenzake, nayo ilimtii. Hata siku moja mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, akamnunulia kitabu mjini. Jina la kampuni lilikuwa lile lile, nguvu zilikuwa zile zile 40, na picha ya juu ilifanana na injini yao kama pacha. Kijana akasoma akafika mahali palipoandikwa kwamba tangi la petroli litiwe petroli tupu. Akasema, “Mjomba, kumbe twapoteza fedha bure. Kitabu chasema tusichanganye.” Mzee akasita, kisha akanyamaza. Aliniambia baadaye, “Mwalimu, ningalibishana na kijana, lakini nitabishanaje na kitabu?”

Wakatoka jioni, watu wanne. Ulikuwa mwezi wa Julai, na katika miezi ile upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Walipokwisha kuiacha nchi kavu mbali, injini ikaanza kulia sauti kali, ikapungua nguvu, ikasimama kwa kishindo. Kamba ya kuwashia ikavutwa, haikuja hata kidogo. Chini yao palikuwa na maji ambayo mahali penye kina kikubwa yafika mita 1,470, na mawimbi yalikuwa yakiingia chomboni. Wakapiga kasia usiku kucha, wawili wakivuta na wawili wakichota maji kwa ndoo, wakaliona pwani alfajiri. Fundi alipoifungua injini alikuta pistoni zimekwaruzika na kushikana na silinda, kwa kuwa zilikosa mafuta ya kuzilainisha.

Je, kitabu kilisema uongo? La. Kilisema kweli juu ya injini nyingine. Ziko injini za nguvu moja na za kampuni moja ambazo nyingine zina tangi dogo la mafuta ya kulainisha na pampu yake, nazo hujichanganyia zenyewe. Nyingine hazina, na mwenye chombo sharti achanganye kwa mkono wake. Kijana alilitafuta lile tangi dogo asilione, akadhani ni tundu la mafuta ya gia kule chini. Hapo ndipo alipopaswa kusimama na kujiuliza. Mtu aonapo kitabu chataja kitu kisichokuwamo katika injini yake, na ajue kwamba kitabu hicho si chake.

Basi mtu atakaye kitabu asianze dukani; aanze kwenye injini. Katika bano lile lishikalo ubao wa nyuma wa mtumbwi kwa kawaida hupigiliwa kibao kidogo chenye namba ya aina ya injini, pamoja na namba yake yenyewe. Kibao kikiwa kimeliwa na kutu au kufunikwa na rangi, kisuguliwe taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wala kisikwanguliwe kwa kisu. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi, herufi kwa herufi, maana herufi moja tu mwishoni yaweza kutofautisha injini ndefu na fupi, au ya kuwasha kwa kamba na ya kuwasha kwa betri.

Injini za Johnson na Evinrude zilizotengenezwa tangu 1980 zina fumbo ambalo wengi hawalijui. Mwaka haukuandikwa kwa tarakimu bali kwa herufi mbili karibu na mwisho wa namba ya aina, na ufunguo wake ni neno la Kiingereza INTRODUCES, lenye herufi 10 zisizorudiwa: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ni 0. Kwa hiyo uonapo CR, hiyo ni 84, yaani injini ya mwaka 1984. Nimempa kijana mmoja fumbo hili akafurahi kana kwamba nimempa injini yenyewe.

Tena lazima kuangalia kama injini ni moja kweli. Injini kuukuu mara nyingi zimeungwa kwa vipande: kichwa cha hii, mguu wa ile, bano la nyingine. Katika hizo Johnson na Evinrude, namba hupigwa pia juu ya kizibo kidogo cha mviringo kilichomo katika chuma cha injini yenyewe. Namba ya kizibo ikipingana na ya bano, fuata kizibo kwa mambo ya kichwa, na kwa gia na mguu tafuta habari pengine.

Sasa juu ya vitabu. Kijitabu cha mwenye chombo, kijacho pamoja na injini mpya, hufundisha kuwasha, kuzima, kuchanganya mafuta na kubadili plagi. Ni kizuri, lakini hakifundishi kufungua. Kitabu cha karakana, kinachotolewa na kampuni iliyounda injini, ndicho kilicho bora kuliko vyote, kwa maana kimeandikwa kwa aina moja au chache tu. Kasoro yake ni kwamba humdhania msomaji kuwa fundi tayari. Orodha ya vipuri ina picha zionyeshazo injini imetawanywa kipande kwa kipande, kila kimoja na namba yake; wengi huidharau, nami nasema mtu asiyejua Kiingereza itamfaa kuliko maneno mengi, kwa kuwa huonyesha kipi kitangulie na kipi kifuate wakati wa kurudisha.

Viko pia vitabu vya watu wengine wasio waundaji, kama Clymer na Seloc vya Marekani. Hivi vina uvumilivu na msomaji, navyo humshika mkono. Lakini kitabu kimoja huweza kukusanya injini za miaka mingi na za nguvu nyingi, hata ukurasa mmoja ukawa na maonyo ya aina tano. Jambo jingine kubwa zaidi kwetu ni kwamba vimeandikwa hasa kwa injini zilizouzwa Marekani. Yamaha za aina ya Enduro, zipendwazo sana na wavuvi wa Afrika kwa ugumu wake, na zile ziendeshwazo kwa mafuta ya taa, hutazipata humo kwa urahisi. Hizo zitafutiwe kitabu cha kampuni yenyewe. Kwa Evinrude mambo ni kinyume. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, alianza kuuza injini zake huko Milwaukee mwaka 1909, lakini kampuni iliyorithi kazi hiyo ilifilisika mwezi wa Desemba 2000, na wale walioinunua wakaacha kuziunda mwaka 2020. Mwenye Evinrude kuukuu, basi, na asidharau vitabu vya watu wengine wala vile vilivyotumika.

Siku hizi vitabu vingi hupatikana katika simu. Sivikatai. Ila vingine vimekatwa kurasa, na vingine vina jina jipya juu na matumbo ya kitabu kingine. Vijaribiwe kama vile vya karatasi.

Kujaribu si kazi kubwa. Funua ukurasa wa vipimo, utafute aina ya plagi na mwanya wake, kipimo cha mafuta ya gia, na kipimo cha kuchanganya petroli. Kisha ulinganishe na injini iliyo mbele yako. Kipimo cha kuchanganya usikipite upesi. Injini nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya mafuta, yaani mililita 400 katika lita 20. Za zamani zaidi zilitaka moja kwa 25 au karibu na hapo, ambayo ni mililita 800. Katikati ya miaka ya 1980 walikuja hata wengine walioandika moja kwa 100, kisha wakarejea kwenye 50. Tazama jinsi vitabu vitatu vyaweza kukuamuru vitu vitatu, na kila kimoja ni cha kweli mahali pake! Mafuta yakizidi, plagi huchafuka na moshi huwa mwingi. Yakipungua, ni yale yaliyompata mzee.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Babu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu kupita kimo cha mtu, na moto wake ulivuta pumzi wenyewe pasipo mivukuto. Magofu yake yangaliko. Lakini ujuzi ule ulikaa vifuani mwa mafundi, na chuma cha kununua kilipoenea, kazi ikaachwa na mengi yakazikwa pamoja nao. Mafundi wa ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, walipoizamisha Julai 1916 waliipaka mitambo grisi nyingi kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, nayo ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Hao waliwawekea akiba watu wasiowajua.

Mzee wangu amekwisha kupata silinda na pistoni za kutumika, na safari hii kitabu kilitafutwa kwa namba ya bano. Tulikaa siku tatu kibarazani, kijana akisoma, mimi nikifasiri, na mzee akituzuia kila tulipokosea jina la kipuri, kwa kuwa mikono yake yaijua injini kuliko macho yetu. Kurasa 11 tumeziandika kwa Kiswahili katika daftari, nalo latunzwa katika debe la biskuti lililofungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Juu ya jalada mzee alitaka iandikwe namba ya injini kwa herufi kubwa. Kisha akamtuma mpwa wake ateremke tena mtumbwini akaisome namba ile mara ya pili.