Kitabu cha Kielektroniki kwa Msomaji Asiye na Tarakilishi: Hali ya Kisii na Nyamira

Aghalabu kitabu cha kielektroniki kinapotajwa, hudhaniwa kwamba sharti msomaji wake aketi mbele ya tarakilishi. Dhana hii inawaacha nje wasomaji wengi wa Kisii na Nyamira. Hata hivyo, anayehitaji tarakilishi hasa ni mtoaji nakala, wala si kila msomaji.

Mfano upo kwa jirani. Mnamo mwaka 2003, Maktaba ya Kitaifa ya Uganda ilishirikiana na shirika la Anywhere Books kuendesha gari lililobeba kipakatalishi, printa na vifaa vya kujalidi. Kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha kilipigwa chapa papo hapo, msomaji akaondoka nacho mkononi.

Ukiondoa gari, vifaa vya namna hiyo si vigeni katika maduka ya uchapaji mjini Kisii, au Keroka iliyo mpakani mwa kaunti hizi mbili. Pengo liko kwenye maarifa. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa huzaa kurasa 4. Hivyo riwaya ya kurasa 100 huhitaji karatasi 25 tu, zinazoweza kushonwa kwa uzi. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 1 na wa 100 upande mmoja, wa 2 na wa 99 upande wa pili. Programu hupanga mfuatano huo yenyewe. Mhudumu asiyeijua humkabidhi mteja bunda la karatasi 100, naye mteja huondoka akiamini kuwa vitabu vya mtandaoni ni ghali!

Njia ya pili ni simu. Faili ya PDF iliyopangwa kwa ukubwa wa A4 huchosha macho kwenye kioo kidogo, ilhali ya EPUB hujipanga upya kulingana na kioo, na huweza kupitishwa kwa kadi ya kumbukumbu bila mtandao. Simu ndogo, zile ziitwazo kabambe, hazina msaada hapa. Wenye simu hizo hurudi kwenye karatasi.

Suala gumu zaidi ni haki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hivyo ulinzi huo ulikwisha mwishoni mwa 2012, ingawa dibaji na maelezo ya wahariri wa baadaye bado yana wenyewe. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, analindwa hadi mwisho wa 2070. Mwanafunzi anayesambaza riwaya ya Kezilahabi kwa picha za simu anavunja sheria. Angechapa upya *Kusadikika* kutoka toleo la kale, akasahihisha kila herufi, angewapa wasomaji wa Nyansiongo na Ogembo nakala halali. Kazi hiyo ya usahihishaji haihitaji fundi wa mitambo, bali mjuzi wa Kiswahili.